Binti yangu hujificha nyuma ya pazia akisikia pikipiki yangu

Swali: "Mimi ni baba wa watoto wawili, binti wa miaka 4 na mvulana wa miezi 9. Ninaishi Tanga na nina duka la vifaa vya ujenzi ambalo mwaka huu limenielemea kwa madeni. Sijawahi kumpiga mtoto wala mke wangu, lakini hasira ikinipanda ninafoka kwa sauti ya juu, ninabamiza mlango, na mara mbili nimerusha kitu ukutani. Mara nyingi ninamfokea mama yao, si wao. Baada ya muda hasira huisha, na kesho yake huwaletea zawadi. Siku hizi binti yangu akisikia pikipiki yangu hukimbilia nyuma ya pazia, na ameanza tena kukojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha kwa zaidi ya mwaka. Mama yangu anasema nisijali: mtoto amekuwa mtulivu na mwenye adabu, samaki mkunje angali mbichi, na kwa umri wake hatakumbuka. Mimi mwenyewe nilikuzwa na baba mkali na nimekuwa mtu. Je, ni kweli hatakumbuka? Na kama nimekwisha kumdhuru, kuna la kufanya?"

Jibu: Ndugu msomaji, naanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa nahisi ndilo linalokukosesha usingizi. Ndiyo, lipo la kufanya, na kwa watoto wa umri huu lipo kwa wingi kuliko unavyodhani. Hata hivyo sitakuficha kwamba hasira zako zimekwisha kumfikia binti yako. Mtoto wa miaka 4 hawezi kukaa na baba yake na kumweleza kwamba anaogopa kwa sababu hajui leo atarudi akiwa na hali gani. Alicho nacho ni miguu ya kukimbilia, pazia la kujificha, na mwili unaosema usiku yale aliyoyanyamazia mchana.

Katika suala la kumbukumbu, mama yako ana ukweli kiasi. Watu wazima wengi hawawezi kusimulia mambo yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 3, na yale yaliyofuata mara tu baada ya hapo huyakumbuka vipande vipande. Lakini kuweza kusimulia tukio ni namna moja tu ya kukumbuka. Pengine binti yako hataikumbuka kamwe siku uliyorusha kitu ukutani, na bado akisikia injini ya pikipiki moyo wake unaenda mbio kabla hajafikiri lolote. Ameunganisha mlio ule na hatari, na mafungamano ya aina hiyo hujengwa katika sehemu za ubongo zinazofanya kazi tangu uchanga, zisizohitaji maneno wala kungoja mtoto ajue kuhesabu siku. Kwa hiyo kutokumbuka hakumkingi na chochote. Kunamwondolea tu uwezo wa kuja kueleza, akiwa mkubwa, kwa nini sauti za juu zinamtisha.

Hata mdogo wake wa miezi 9 hayuko nje ya jambo hili. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walichapisha uchunguzi wa watoto wa miezi 6 hadi 12 ambao shughuli za ubongo wao zilipimwa wakiwa wamelala usingizi, huku wakisikilizishwa sauti ya mtu mzima, mara yenye hasira, mara yenye furaha, mara ya kawaida. Watoto waliotoka katika nyumba ambazo wazazi huzozana zaidi walionyesha mwitikio mkubwa zaidi kwa sauti ya hasira, katika sehemu zinazohusika na msongo na udhibiti wa hisia. Kundi lilikuwa dogo, na mwitikio mkubwa wa ubongo si sawa na kusema kwamba ubongo umeharibika. Nautaja uchunguzi huu kwa sababu unaondoa ile faraja wanayojipa wazazi wengi, kwamba mtoto amelala na kwa hiyo hasikii.

Mwilini mambo huenda hivi. Sauti ya ukali inapomfikia mtoto, sehemu ndogo ya ndani ya ubongo iitwayo amigdala huipokea kama ishara ya hatari na kuiamsha sehemu nyingine ya ubongo iitwayo haipothalamasi, nayo hutuma ujumbe hadi kwenye tezi zilizo juu ya figo. Adrenalini, homoni ya kuuandaa mwili kukimbia au kupigana, humwagika mara moja, moyo ukaenda mbio na misuli ikakaza. Kotisoli, homoni nyingine ya msongo, hufuata polepole zaidi na huweza kuendelea kupanda kwa dakika 20 au 30 baada ya kishindo chenyewe kwisha. Wewe unajua kwamba hasira yako imekwisha, kwa sababu unaihisi ikishuka kifuani. Yeye hana njia ya kujua, na mwili wake unaendelea kukaa tayari.

Mfumo huu si mbaya. Ndio unaomwokoa mtoto anayekutana na nyoka njiani. Ukiamshwa mara moja moja, kisha mtu mzima akamtuliza, mwili hurudi katika hali yake ya kawaida. Unapoamshwa mara kwa mara bila wa kumtuliza, mwili hujizoesha kukaa macho: usingizi huwa mwepesi, tumbo huuma bila ugonjwa unaoonekana, mtoto hushtuka kwa kitu kidogo na kukasirika kwa kitu kidogo. Wataalamu wa makuzi huuita huo msongo wenye sumu, na katika maelezo yao kinachoutofautisha na msongo unaovumilika si ukubwa wa tishio peke yake, bali pia kuwapo au kutokuwapo kwa mtu wa kumtuliza mtoto. Hapo ndipo hasira ya mzazi inapokuwa na uzito ambao vitisho vingine havina. Mtoto akiogopa mbwa humkimbilia baba. Akimwogopa baba, mtu wa kumkimbilia na mtu wa kumkimbia wamekuwa mmoja, na akili ya miaka 4 haina ufumbuzi wa fumbo hilo isipokuwa pazia.

Utaelewa uzito huo ukijua jinsi watoto wadogo wanavyoutegemea uso wa mzazi ili kuutambua ulimwengu. Katika jaribio mashuhuri lililochapishwa mwaka 1985, watoto wa mwaka mmoja waliwekwa juu ya meza yenye kioo ambayo katikati yake palionekana kama shimo la sentimita 30, huku mama zao wakisimama ng'ambo bila kusema neno. Mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka kumfuata. Alipoonyesha uso wa hasira, walivuka 2 tu kati ya 18. Hapakuwa na kelele wala mlango uliobamizwa. Uso peke yake ulitosha kuwasimamisha. Sasa fikiria mtoto ambaye uso wa aina hiyo anaukuta nyumbani mara kadhaa kwa juma. Anajifunza kusimama. Hachungulii, haulizi, hajaribu kitu asichokijua, naye yuko katika miaka ambayo kuuliza na kujaribu ndiko kusoma kwake kote.

Kwa hiyo sikubaliani na mama yako, kwa heshima zote anazostahili, anaposema kwamba utulivu wa mtoto ni adabu. Mtoto aliyejifunza adabu huifuata hata baba akiwa safarini, kwa kuwa ameelewa kwa nini hatumwagi chakula na kwa nini tunamwamkia mgeni. Mtoto aliyenyamazishwa na hofu hutulia unapokuwapo, na ukiondoka hofu ile hutafuta pa kutokea: humfinya mdogo wake, huwafokea wanasesere kwa maneno yako mwenyewe, au hulia kwa jambo lisilo na kichwa wala miguu. Muulize mama yao, au mwalimu wake kama amekwisha kuanza shule ya awali, kama hawajayaona hayo. Isitoshe, mtoto aliyeshikwa na hofu hajifunzi lile somo ulilokusudia. Umakini wake wote uko kwenye uso wako na mikono yako. Uji uliomwagika, uliokuwa sababu ya kelele, umekwisha kumtoka akilini. Methali ya samaki ni ya kweli, lakini kukunja ni kazi ya mkono uliotulia.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui, nami nalitilia mkazo. Mtoto wa umri huu hujiona kuwa chanzo cha yanayotokea karibu naye. Hajui madeni wala hajui kwamba mteja aliyechukua mabati kwa ahadi hajalipa. Akiona baba amekasirika, hitimisho analolifikia kirahisi ni kwamba yeye amekosea, na kama haoni kosa lake, basi yeye mwenyewe ndiye mbaya. Usipomwambia kinyume, hakuna mwingine atakayemwambia.

Unasema mara nyingi unamfokea mama yao, si wao. Najua umelisema hilo ukitumaini kwamba linapunguza uzito, lakini halipunguzi kama unavyodhani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha mwaka 2007 kwamba mtoto wa miezi 18 aliyemwona mtu mzima akimkasirikia mtu mzima mwingine kwa kuchezea kitu fulani, naye huacha kukichezea maadamu yule mwenye hasira anamtazama. Hakuna aliyemkaripia yeye. Alisoma hali ya chumba akajiwekea mpaka. Binti yako ana miaka 4, anasoma zaidi ya hapo. Tena mama yake ndiye kimbilio lake la pili, na anapomwona akitetemeka au akilia, kimbilio hilo nalo linayumba.

Zawadi za kesho yake sizikatazi kwa sababu ni zawadi. Shida yake ni kwamba zinakuja bila maelezo, na hivyo zinamwongezea mtoto jambo la pili asilolielewa: jana kishindo, leo biskuti, na sababu ya yote mawili haijulikani. Kinachomchosha mtoto kuliko ukali wenyewe ni kutoweza kutabiri. Baba mwenye sura ngumu ambaye siku zote ni yule yule humjengea mtoto wasiwasi mdogo kuliko baba mpole ambaye hulipuka bila taarifa.

Kuhusu wewe kukuzwa na baba mkali, sitabishana na maisha yako. Watu wengi wa nchi hii walikuzwa hivyo. Katika uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, takriban robo ya vijana waliohojiwa walisema walipata utotoni ukatili wa kihisia kutoka kwa mtu mzima, yaani matusi, kuambiwa hawatakiwi au kutishiwa kutelekezwa. Wengi wao ni watu wazima wanaofanya kazi na kulea. Mazingira magumu ya utotoni huongeza uwezekano wa matatizo ya afya ya mwili na ya akili ukubwani, hayaandiki hatima ya mtu. Ila nakuomba ujiulize kwa ukweli ulikuwa ukijisikiaje uliposikia hatua za baba yako mlangoni. Jibu hilo litakufundisha juu ya binti yako kuliko mimi.

Sasa tuje kwenye la kufanya, na hapa naomba usome polepole. Hatua yenye nguvu kuliko zote ni kutengeneza kile kilichovunjika, tena kwa maneno. Mtaalamu wa saikolojia Edward Tronick, aliyechunguza kwa miongo mingi jinsi mama na watoto wachanga wanavyoelewana, aligundua kwamba hata katika uhusiano mzuri mzazi na mtoto hupishana sehemu kubwa ya muda wanaokuwa pamoja. Kinachomjenga mtoto ni kuona, mara baada ya mara, kwamba kupishana kunafuatiwa na kurudiana. Hii ndiyo sababu nilikuambia lipo la kufanya. Hutakiwi kuwa baba asiyekasirika. Unatakiwa kuwa baba anayerudi.

Kurudi kwenyewe ni hivi. Subiri mpaka sauti yako iwe imetulia kweli, kisha mwendee binti yako mahali alipo, bila kumvuta atoke nyuma ya pazia. Kaa chini sakafuni ili uso wako uwe sawa na wake au chini yake. Mwambie kwa sentensi fupi: "Baba alipiga kelele. Ulishtuka. Baba alikuwa na hasira kwa mambo ya dukani, si kwa ajili yako. Wewe hukukosea. Kupiga kelele vile si vizuri, na baba anajifunza kuacha." Halafu nyamaza. Usiongeze "lakini na wewe usiwe unafanya hivi", maana neno hilo moja hufuta yote yaliyotangulia. Usimwombe akusamehe papo hapo wala akukumbatie, kwa kuwa hiyo ni kumbebesha kazi ya kukutuliza wewe. Akija, mpokee, asipokuja, kaa karibu naye dakika chache ukifanya jambo la kawaida. Ahadi ya "sitarudia tena" usiitoe kama huna hakika nayo, kwa sababu ahadi iliyovunjwa humfundisha kutokuamini hata maneno mazuri.

Kwa mtoto wa miezi 9 maneno si kitu, lakini sauti, mikono na uso ni kila kitu. Mbebe, mwimbie taratibu, mtazame, mwache acheze na vidole vyako. Na kwa mkeo, pamoja na yale mtakayozungumza faraghani, watoto waone mwisho wa ugomvi kama walivyoona mwanzo wake. E. Mark Cummings, aliyetafiti kwa muda mrefu jinsi watoto wanavyoathiriwa na ugomvi wa wazazi, alibaini kwamba dhiki ya mtoto hupungua sana anapoona ugomvi umetatuliwa, na hata maelezo tu kwamba wazazi wameshapatana humsaidia. Wapo akina baba watakaoona haya kuomba radhi mbele ya watoto wakiogopa kupoteza hadhi. Kwa uzoefu wangu hadhi haipotei. Mtoto aliyeombwa radhi huanza yeye mwenyewe kuomba radhi, bila kufundishwa kwa fimbo.

Kuzuia mlipuko usitokee ni kazi ya polepole zaidi, na huanza kwa kujua unatokea saa ngapi. Kwa maelezo yako nadhani ni kati ya kufunga duka na kula chakula cha jioni, ukiwa na njaa, joto na simu za wadai. Kama ndivyo, usiingie nyumbani moja kwa moja. Zima pikipiki hatua kadhaa kabla ya kufika, kaa dakika 10, vuta pumzi ndefu na uitoe taratibu kuliko ulivyoivuta, kisha weka simu mahali isipolia mpaka watoto walale. Ukiihisi hasira ikipanda ukiwa tayari ndani, kwa taya kukaza au masikio kupata moto, sema kwa sauti ya kawaida, "Nimekasirika, natoka nje kidogo, nitarudi," nawe urudi kweli. Kama wewe ni Mwislamu, utakuwa umefundishwa kwamba aliyekasirika akiwa amesimama na akae. Ni mafundisho yenye hekima hata kwa mtazamo wa kitabibu, kwa sababu mwili uliokaa ni mgumu kuurusha kwenye mlango. Madeni nayo yazungumze na mkeo mchana, kwa hesabu, watoto wasipokuwapo. Sauti ya juu ya kumzuia mtoto asiguse jiko la mkaa au asikimbilie barabarani si ninayoizungumzia hapa, na usijilaumu kwayo.

Usishangae kama mambo yataonekana kuwa mabaya kabla ya kuwa mazuri. Binti yako anaweza kuendelea kujificha kwa majuma mengi hata baada ya wewe kubadilika, kwa kuwa anahitaji ushahidi mwingi kuliko maneno. Na siku atakapoanza kukubishia, kukataa kula, au kulia kwa sauti mbele yako, usidhani amekuwa mkaidi. Huenda ni mara ya kwanza kwa muda mrefu anajiona yuko salama vya kutosha kukuonyesha anachohisi.

Kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekwisha kuacha kwa zaidi ya miezi 6 mara nyingi huhusiana na wasiwasi, lakini mpeleke kwanza kituo cha afya apimwe mkojo, kwa sababu maambukizi ya njia ya mkojo, choo kigumu, na mara chache kisukari, huleta dalili hiyo hiyo. Mweleze mhudumu kama anakunywa maji kupita kawaida au anapungua uzito. Wakati huohuo asikaripiwe, asichekwe, wala asitangazwe kwa majirani. Shuka zibadilishwe kimya kimya.

Hatua nyingine naisema wazi kwa sababu umetaja kurusha vitu. Ukirusha tena, au ukajikuta umeinua mkono, au mkeo akikuambia kwamba anakuogopa, tafuta msaada wa ana kwa ana bila kusubiri. Muulize mkeo swali hilo mkiwa wawili, siku ambayo mmetulia, na ukubali jibu lake bila kujitetea. Hospitali ya rufaa ya mkoa wako ina huduma za afya ya akili, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri huwapokea pia wazazi wanaokuja wenyewe kuomba ushauri. Namba 116, ambayo ni ya huduma kwa mtoto na hupigwa bila malipo, hujibu simu za wazazi pia. Ukifika kwa mtaalamu, mweleze na jinsi unavyolala, kama umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda, na kama unakunywa pombe, kwa kuwa kwa wanaume wengi sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hujitokeza kwa sura ya hasira, na sonona ina tiba yake.